Fundi wa Mikono ya Kushoto

Kwa miaka kumi na saba Kushoto alishona mikono ya kushoto. Hakushona shati wala koti. Alishona mikono, tena ya kushoto tu. Kiwandani kule kazi iligawanywa vipandevipande: huyu kola, yule mifuko, mwingine matundu ya vifungo mpaka macho yatoe machozi. Yeye alipokea shati lisilo na mikono, akapachika wa kushoto, akalisukuma meza ya pili kwa mwenzake aliyepachika wa kulia. Mashati mia tatu kwa siku, na siku za oda kubwa hata mia nne. Ungemwamsha usingizini ukampa bega la kushoto, angelimaliza bila kufumbua macho, na usingeona kikunyanzi hata kimoja.

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, limeandikwa kwenye vyeti vyake na huko ndiko lilikobaki. Kiwandani walimwita Kushoto, mumewe akalisikia, akalipenda, akalileta nyumbani, na jina baya halina miguu lakini hufika kila mahali. Mwishowe hata shemeji zake wenye adabu zao wakawa wanapiga hodi mlangoni wakisema, “Kushoto yupo?”

Kiwanda kilipofungwa kila fundi aliondoka na cherehani aliyokuwa akiifanyia kazi. Ukoo mzima ulifurahi. Sasa tuna fundi wetu wenyewe, wakasema, fundi wa kiwandani, si mchezo! Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kukata gauni, na yeye hakuwa mjinga wa kujisema. Kwa mtu asiyeshona, fundi ni fundi tu. Wakaanza kumletea mitumba: suruali ya babu mwingine huko mbali ipunguzwe imfae mjomba, koti la mzungu mrefu ligeuzwe la binti mfupi, shati la mtu mnene litoke magauni mawili ya watoto.

Mitumba ndiyo iliyomsomesha. Alikuwa akichukua gauni zuri alilolitoa kwenye rundo la Mama Marobota, yule muuza mitumba mwenye sauti ya kengele, analifumua lote, uzi mmoja baada ya mwingine, anapiga pasi vile vipande na kuvitandika kitandani. Halafu anavitazama. Kumbe kiuno kinakaa hivi kwa sababu ya kile kipande chembamba. Kumbe kola ina roho ya kitambaa kigumu ndani yake. Akivielewa, anavishona tena kwa kipimo cha mtu wa nyumbani kwake. Kwa njia hiyo alijifunza sketi, suruali, hata begi alilolitoa kwenye koti la mvua. Miaka sita ukoo ulivaa, tena ulivaa vizuri.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni mkono wa kulia. Msicheke. Mikono yake ilikuwa imezoea kuanzia kwapani, kupanda kwa mbele, kuzunguka bega na kushuka kwa nyuma. Akifika upande wa kulia, kila kitu kilikwenda kinyume, na vidole vyake vikakataa. Mkono ulikaa, ndiyo, lakini umejipinda kidogo kuelekea nyuma. Familia ikipiga picha, mikono yote ya kulia inaonekana imegeuka, kana kwamba kuna mtu nyuma yao anawaita. Mumewe, ambaye ni fundi bomba, alilalamika siku moja.

“Mke wangu, hili shati nikinyanyua spana, mkono wake unataka kurudi nyumbani.”

“Basi rudi nao,” akamjibu. “Vyombo vipo havijaoshwa.”

Lilikuwa jambo la kucheka, wakacheka miaka yote sita. Likaacha kuchekesha mwaka ule mdogo wake alipougua.

Huyu mdogo wake alikuwa mwalimu, na nyumba nzima ilimwita Mwalimu, hata wakubwa. Kushoto alikuwa na miaka kumi na tisa na Mwalimu sita mama yao alipofariki. Hakukuwa na kikao cha kuamua nani atamlea mtoto. Kushoto alimwosha, akamvisha, akampeleka shule, kisha akaenda kiwandani. Tangu siku hiyo hakuacha. Kila darasa ambalo Mwalimu alipita, mpaka chuo cha ualimu, lilisimama juu ya ile mikono ya kushoto mia tatu kwa siku. Wenyewe wakiulizwa walisema ni dada na mdogo wake, na hivyo ndivyo walivyoitana.

Mwalimu alipatikana na uvimbe kwenye titi la kulia. Akafanyiwa upasuaji, wakatoa na tezi za kwapani, akapewa dawa zile zinazonyoa nywele bila wembe. Ulikuwa mwaka mrefu. Mwishowe daktari alimwambia maneno ambayo Kushoto alimfanya ayarudie mara tatu: hakuna kilichobaki, umepona, rudi kazini. Mumewe Kushoto alifunga duka lake la mabomba siku hiyo akaja kukaa tu sebuleni, anatabasamu peke yake.

Lakini mkono wa kulia ulikuwa umevimba. Maji yalikosa njia ya kupita baada ya tezi kuondolewa, daktari akaeleza, na huenda uvimbe ungepungua kwa mazoezi, huenda usipungue sana. Asivae kitu cha kubana. Mwalimu akajifunika mtandio begani mchana kutwa, kuwe na joto kusiwe na joto. Hakuna mtu aliyeuona ule mkono. Na kusema kweli, hakuna aliyeomba kuuona. Kila mtu akizungumza naye alimtazama usoni, kwa bidii mno.

Mara ya kwanza alipojaribu kurudi shuleni, blauzi yake ilikwama kwenye kiwiko. Haikwenda mbele wala haikurudi nyuma, ikabidi mkasi umtoe. Akarudi kitandani. Mkuu wa shule, mtu mwema, alimwongezea wiki mbili. Wiki hizo zilikuwa zinaisha Jumatatu, na Ijumaa Mwalimu alimwita dada yake jikoni akamwambia bila kulia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi:

“Dada, nimeanza kuandika barua ya kuacha kazi.”

“Kwa nini? Umepona!”

“Nimepona, sawa. Lakini siwezi kusimama mbele ya watoto arobaini nimejifunika mtandio kama mgonjwa. Na sina nguo hata moja inayopita. Jumatatu nikishindwa, napeleka barua.”

Kushoto hakubishana naye. Alichukua kikapu akaenda sokoni. Mama Marobota alimwona kutoka mbali.

“Kushoto! Leo nani anataka suruali?”

“Leo nataka gauni la mtu mpana, pamba laini, lisilo na doa. Tena usiniletee mambo ya biashara, ni la mdogo wangu.”

 Mama Marobota akainama, akachimba rundo mpaka chini, akatoa gauni la kijani, jipya kabisa, pana kama pazia la ukumbini. Mwenye nalo huko lilikotoka lazima alikuwa mama wa heshima zake. Kitambaa kingeweza kutoa gauni la Mwalimu na kikabaki cha mikono mipana. Kushoto akalibeba nyumbani akiwa ameshalikata kichwani.

Jumamosi asubuhi alimwita Mwalimu ampime. Na hapa ndipo walipokosea wote wawili. Mwalimu alinyoosha mkono wa kushoto. Kushoto akaupima. Yeye mwenyewe hakuona ajabu, maana miaka yote hiyo mkono kwake ulikuwa wa kushoto, na moyoni, kama angekuwa mkweli, alishukuru kwamba hakulazimika kuomba ule mwingine. Akaongeza vidole vinne vya kukisia. Akakata, akashona mchana kutwa, mikono yote miwili mipana sawasawa, ili mtu akimtazama Mwalimu asijue upi ni upi. Mkono wa kulia alioupachika ulijipinda nyuma kama kawaida yake, akajiambia si kitu, watu wamevaa miaka sita hawajafa.

Alasiri Mwalimu akajaribu. Alifunga mlango, na Kushoto akabaki nje akisikiliza. Kimya. Kisha sauti ya kitambaa kikivutwa. Kisha kimya tena. Mlango ulipofunguliwa Mwalimu alikuwa amejifunika mtandio wake, gauni amelikunja vizuri mkononi, vizuri kama nguo ya kurudishwa dukani.

“Limepita,” akasema. “Lakini linabana hapa juu, na kwapani linakwaruza kovu. Nikiinua mkono linanivuta. Asante, Dada. Umejitahidi.”

Neno lile la umejitahidi lilimchoma kuliko tusi. Umejitahidi ni neno la kumwambia mtoto aliyeshindwa mtihani. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitumia darasani, alijua uzito wake. Kushoto alikaa kwenye kiti cha cherehani na gauni mapajani, akalitazama, na akajua tatizo si kitambaa. Alikuwa ameshonea mkono ambao hajawahi kuuona. Fundi gani huyo?

Jumapili baada ya chai ya asubuhi aliingia chumbani kwa Mwalimu na utepe wa kupimia shingoni, akafunga mlango.

“Jana nilikupima mkono mzima,” akasema. “Hilo ni kosa langu. Na wewe ulinipa huo mzima, ukijua. Hilo ni lako. Sasa nipe huo mwingine.”

“Dada, acha.”

“Siachi.”

“Unatisha. Sitaki uuone.”

“Mimi? Wewe uliugua tetekuwanga una miaka saba, nikakupaka dawa mpaka masikioni, ukanitapikia kwenye sare ya kazi. Unaniambia nini mimi kuhusu kutisha? Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Lete mkono.”

 Mwalimu akauvuta mtandio taratibu, akauacha uanguke kitandani.

Kushoto alikuwa amejikaza kwa jambo kubwa. Aliona mkono. Ulikuwa mzito, umejaa toka begani hadi kwenye kifundo, ngozi imenyooka na kung'aa, na kwapani kovu refu lenye rangi ya waridi. Lakini ulikuwa mkono, una vidole vilevile alivyovikata kucha miaka ile. Aibu ikamshika, si kwa ajili ya mkono, bali kwa ajili yake yeye aliyekaa mwaka mzima akiuogopa.

“Huu tu?” akasema. “Mimi nilidhani unaficha gunia la mkaa.”

Mwalimu akacheka, kicheko kilichomtoka bila ruhusa, halafu kikageuka kilio, halafu kikarudi kuwa kicheko. Kushoto naye hakuwa na nguvu ya kujizuia. Wakalia pamoja hapo kitandani, utepe wa kupimia katikati yao, na walipomaliza wote wawili walijisikia wepesi.

“Hakuna aliyenigusa huu mkono isipokuwa manesi,” Mwalimu akasema.

“Basi sasa umeguswa. Nyoosha.”

Alimpima sehemu saba. Kifundo, kigasha, kiwiko, kisha juu ya kiwiko mara tatu, kisha kuzunguka bega kupitia kwapani, akiwa mwangalifu utepe usiguse kovu. Akamwambia ainue mkono kama anayeandika ubaoni, akapima tena, kwa sababu mkono ukiinuka unanenepa kwapani na hilo fundi asiyeuliza halijui. Akaandika namba zote kwenye karatasi. Ziliachana na zile za jana kwa kiasi ambacho kilimfanya atikise kichwa.

Kitambaa kilikuwepo bado, shukrani kwa mama mpana wa huko mbali. Akafumua mikono yote miwili, akakata mipya, akaongeza kipande cha pembe nne kwapani, laini, ili mkono upate nafasi ya kupanda. Mkono wa kushoto aliupachika kwa dakika chache, kama zamani. Kisha akageukia wa kulia, na vidole vyake vikaanza ubishi wao.

Aliupachika, ukajipinda. Akaufumua. Akaupachika tena, ukajipinda tena. Safari hii haikuwa ya kucheka, kwa kuwa ule mpindo ndio unaokwaruza kovu. Mara ya tatu alifumua akiwa anasaga meno. Mumewe alichungulia mlangoni, akauona uso wake, akaondoka bila utani wowote, na hiyo peke yake ilionyesha hali ilivyokuwa.

Akamwita Mwalimu avae lile gauni na mkono ukiwa umeshikwa kwa pini tu, asimame mbele ya kioo cha kabati. Kushoto alisimama nyuma yake, akitazama kioo juu ya bega la mdogo wake, akitafuta pale panapojipinda. Na kule kiooni akaona kitu cha ajabu. Mwalimu wa kiooni alikuwa amemgeukia uso kwa uso, na mkono uliovimba ulikuwa upande wa kushoto wa huyo wa kiooni. Kushoto akabana pini mdomoni. Bega lile alilijua. Alilijua kwa mashati mia tatu kwa siku.

“Vua,” akasema kupitia pini. “Vua haraka!”

“Kuna nini?”

“Vua kwanza, maswali baadaye.”

Akakaa kwenye cherehani. Siku zote alikuwa akishona gauni likiwa juu na mkono ukiwa chini. Safari hii aliipindua kazi kama kioo kilivyolipindua bega: mkono juu, gauni chini. Basi tu. Na bega la kulia likamjia kama la kushoto, kwapani, likapanda kwa mbele, likazunguka, likashuka kwa nyuma, na vidole vikaenda vyenyewe bila kuulizwa. Alipofika mwisho alikata uzi, akaugeuza mkono, akauning'iniza hewani. Ulianguka wima. Miaka sita ukoo mzima umetembea umepinda, na dawa yake ilikuwa kugeuza kitambaa! Alicheka peke yake mpaka mumewe akaja tena mlangoni.

“Umepatwa na nini?”

“Leta mashati yako yote,” akamwambia. “Si leo. Wiki ijayo.”

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu Mwalimu alivaa. Hakufunga mlango. Mkono ukapita kifundo, ukapita kiwiko, pale ilipokwama blauzi, ukapanda mpaka begani na kukaa. Akauinua, akaushusha, akauinua tena. Hakuna kilichovuta. Akajitazama kioo kwa muda, mikono miwili mipana ya kijani, sawasawa, na huwezi kusema ni upi uliougua. Mtandio aliuacha kitandani.

“Dada,” akaanza.

“Utachelewa,” Kushoto akamjibu.

Waliandamana mpaka getini. Kushoto alikuwa amechoma sindano tatu zenye uzi wa kijani kwenye kola yake, ikitokea lolote. Mlinzi wa shule, mgeni aliyeajiriwa mwaka ule, aliwaona wakiingia na hakuuliza. Mwalimu akaingia darasani, watoto wakasimama, kelele ya salamu ikasikika mpaka barabarani. Kushoto akasogea kwenye dirisha la nje, roho mkononi. Alitaka kuona bega tu. Akiona bega ataondoka.

Mwalimu alichukua chaki. Mwanzo aliandika chini, usawa wa kifua, herufi ndogondogo za mtu anayejichunga. Kisha akasimama, akafuta yote. Akainua mkono wa kulia mpaka juu kabisa ya ubao, akaandika tarehe kwa herufi kubwa. Mkono wa gauni ulipanda pamoja naye bila kunyanyua kiuno, ukashuka pamoja naye, ukatulia. Akauinua tena, akaandika somo. Mtoto wa nyuma aliuliza kitu, Mwalimu akageuka, akamnyooshea kidole kwa mkono uleule kumwambia akae. Hata hakufikiri.

 Kushoto akakaa kwenye ngazi chini ya dirisha, akashusha pumzi ambayo labda aliishika mwaka mzima, na machozi yakamtoka bila fujo. Hakuna barua itakayopelekwa mahali popote. Imekwisha, akajiambia, imekwisha kweli.

Mlinzi akamkaribia, ana wasiwasi. Mama mtu mzima analia chini ya dirisha la darasa asubuhi, na siku ya kwanza ya wiki.

“Mama, kuna shida? Mtoto wako ni yupi humo ndani?”

Kushoto alijifuta uso kwa ncha ya gauni lake, akanyanyuka, akaelekeza kidole dirishani.

“Yule pale mbele,” akasema. “Anayeandika ubaoni.”